Kupanda vilima vya Dodoma na watoto wa miaka 2 na 6: tuanzie wapi, tubebe nini?

MamaWawili_Nzuguni

Mbukwenyi, wakazi wa Makao Makuu na majirani zetu wa Singida na Manyara.

Tunataka kuanza kupanda vilima na watoto siku za Jumamosi. Mkubwa ana miaka 6. Mdogo ana miaka 2 na miezi mitatu, uzito wake kilo 11. Watu wazima tuko wawili na wote tunatembea vizuri, lakini kutembea barabarani ni jambo moja na kupanda jabali na mtoto ni jambo jingine. Ushauri mwingi unaopatikana umeandikwa kwa milima yenye misitu, mvua na baridi, na huku kwetu ni mawe, miiba, vumbi na jua. Naomba wanaojua wanisaidie.

Kilima cha namna gani kinafaa kuanzia, na tutoke saa ngapi? Mdogo abebwe kwa mbeleko au kwa begi la kubebea mtoto lenye fremu? Maji kiasi gani? Na nyoka na nyuki, maana hayo ndiyo yanayomnyima bibi yao usingizi.

Baadaye tungependa kufika Kolo kwenye michoro ya miambani, na baba yao anautaja sana Mlima Hanang.

---

Jabali_Kavu

Karibu dada. Nianze na kilima chenyewe, maana hapo ndipo wengi wanapokosea. Watu huchagua kwa urefu. Kwa watoto, chagua kwa namna ya kushuka.

Dodoma mjini tuko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na vilima vinavyouzunguka mji havipandi kiasi cha mtoto kusumbuliwa na hewa nyembamba. Kinachosumbua ni mwamba. Miamba yetu mingi ni ya granaiti, na granaiti huchunika kwa matabaka: jua la mchana hupasha ngozi ya juu, usiku inapoa, na kwa miaka mingi bamba la unene wa sentimita chache huachana na mwamba ulio chini yake. Gonga kwa kisigino kabla ya kumpitisha mtoto. Bamba lililoachana hutoa mlio wa uwazi, mwamba mzima hautoi mlio. Juu ya jabali hubaki pia chembe za mchanga mgumu. Mtu anayepanda hazioni kuwa tatizo, lakini anaposhuka uzito wake unaelekea mbele, kiatu kinateleza juu ya chembe hizo, na anaanguka kwa makalio au kwa mkono. Mistari myeusi inayoshuka kwenye mwamba ni njia za maji ya mvua, na ina ukoga. Ikiwa mikavu inapitika, ikiwa na unyevu hata wa umande msiikanyage.

Kipimo changu ni hiki. Kila mahali ambapo mtoto wa miaka 6 anatumia mikono kupanda, hapo mtu mzima atalazimika kumshusha wakati wa kurudi. Zikiwa sehemu moja au mbili fupi, sawa. Zikizidi, hicho si kilima cha mwanzo. Mlima Simba, ule wengi wanaouita Lion Rock, unapandwa na familia, lakini mara ya kwanza nendeni na mwenyeji anayejua njia yenye mteremko mpole. Kilima kingine chochote pembeni ya mji, ulizeni kwanza ofisi ya serikali ya mtaa. Baadhi ya maeneo yana minara au ni ya ulinzi na hayaingiliki. Mengine yana machimbo ya mawe na kokoto, na ukingo wa machimbo ni hatari kuliko jabali la asili kwa sababu umekatwa wima na udongo wa juu umelegea. Na kwa kuwa tumegusa habari za ulinzi: nguo za mabaka zinazofanana na za jeshi, hata za mtoto kutoka mitumba, ziacheni nyumbani. Raia haruhusiwi kuzivaa.

Sasa muda. Mtu mzima tambarare huenda kilomita 5 kwa saa, na kila mita 100 za kupanda humwongezea dakika 10. Kwa mtoto wa miaka 6, zidisha jibu mara mbili na nusu. Mfano: njia ya kilomita 1.2 yenye mwinuko wa mita 150. Umbali unachukua dakika 15, mwinuko dakika 15, jumla nusu saa. Kwa mtoto ni dakika 75. Kushuka juu ya jabali msihesabu kuwa ni haraka zaidi. Wekeni dakika 75 zilezile. Ongezeni nusu saa ya kupumzika juu, na mna saa tatu kamili.

Saa hizo tatu ziwekwe wapi? Mwezi Juni jua linachomoza kama saa moja kasoro robo asubuhi. Mkianza kupanda saa 1:00, mko juu saa 2:15, mnaanza kushuka saa 2:45, na saa 4:00 mko chini. Baada ya hapo mwamba unakuwa umeshika moto, na mtoto mfupi anapigwa na joto la juu na la chini kwa pamoja. Kwa hiyo kilima kinachozidi hesabu hiyo ni kikubwa mno kwenu kwa sasa, hata kama miguu inaweza. Saa 2:15 ikifika hamjafika juu, geukeni hapo mlipo. Mtoto umwambie mapema kwamba tunapanda mpaka saa fulani, usimwambie tunapanda mpaka kileleni. Hapo kugeuka hakutakuwa kushindwa kwake.

Namna ya kushuka: mtu mzima anatangulia hatua moja chini ya mtoto, amegeukia mlimani au ubavu, mkono mmoja huru. Mtoto akiteleza anakuangukia wewe kwenye mapaja, haanguki kwenda mbali. Sehemu ya mteremko mkali ashuke kwa makalio, mikono nyuma, nyayo bapa. Kukimbia mteremko kumkatazeni tangu siku ya kwanza, kwa sababu hapo ndipo mifundo ya miguu huteguka na meno huvunjika.

---

Mbeleko_na_Mikanda

Nijibu la kubeba.

Mbeleko inafaa kwa njia ya kawaida yenye mteremko mpole. Ina kasoro tatu kwenye jabali. Kwanza, kanga ni nyepesi na ikilowa jasho fundo linalegea polepole bila mbebaji kugundua. Tumia kitenge kizito cha pamba, na fundo likaguliwe na mtu wa pili kila mnapopumzika. Pili, ukifunga juu ya kifua inabana pumzi wakati wa kupanda. Pitisha ncha moja juu ya bega na nyingine chini ya kwapa, fundo likae juu kidogo ya titi. Tatu, na hii ndiyo kubwa, ukiinama kutumia mikono mtoto anaegemea upande na uzito unakuvuta. Mahali panapohitaji mikono miwili si mahali pa kupita na mtoto mgongoni, iwe kwa kitenge au kwa begi.

Begi lenye fremu lina uzito wa kilo 2 hadi 3 na nusu lenyewe. Mtoto wako kilo 11, begi kilo 3, pampasi, nguo na chupa moja ya maji: tayari uko kilo 16. Mbebaji huyo asibebe kitu kingine. Ndiyo sababu watoto wawili wa umri huo wanataka watu wazima wawili wenye nguvu, na wa tatu akipatikana ni bora. Mkanda wa kiunoni ndio unaobeba uzito, ukae juu ya mifupa ya nyonga na kukazwa kabla ya mikanda ya mabega. Ukikaza mabega kwanza mzigo wote unaning'inia hapo, na baada ya nusu saa shingo inauma. Mtoto afungwe mikanda yake ya mabega na ya katikati ya miguu kila mara, hata kwa dakika mbili. Magoti yake yawe juu kidogo kuliko makalio. Miguu ikining'inia tu, damu haizunguki vizuri na inakufa ganzi, kwa hiyo mshushe kila dakika 30 hadi 40 atembee.

Jambo ambalo halimo kwenye maelekezo ya begi lolote: kichwa cha mtoto kiko juu ya chako. Tawi la mgunga unalolipita kwa kuinama kidogo, yeye linampata usoni. Tembea katikati ya njia, na mwenzako aliye mbele asishike tawi kisha akaliachia. Begi lisisimamishwe chini kwenye mteremko mtoto akiwa ndani, hata kama lina mguu wa kusimamia. Mguu huo umetengenezwa kwa sakafu.

Kwa umri wake, miaka 2 na miezi mitatu, atataka kutembea mwenyewe. Mwacheni kwenye tambarare na kwenye changarawe, atafanya mita mia mbili tatu kisha ataomba kubebwa. Huo ndio mwendo wake na ni mwema.

Mavazi. Asubuhi ya Juni na Julai Dodoma hushuka hadi nyuzi 13 au 14, na kuna upepo. Wewe unayepanda unapata joto, mtoto aliyekaa mgongoni hafanyi kazi yoyote na anapoa. Mvalishe nguo moja zaidi yako mwanzoni. Mpime kwa kugusa nyuma ya shingo, kwa sababu viganja huwa baridi hata akiwa salama. Kufika saa 2:30 hali inageuka: mvue sweta, abaki na shati la pamba la mikono mirefu na kofia yenye ukingo kote, maana kofia ya chepeo huacha masikio na shingo. Rangi ziwe za kung'aa, machungwa au nyekundu, mtoto aonekane kati ya mawe ya kijivu. Mtoto mwenye ualbino apakwe mafuta ya kuzuia jua ya kiwango cha 50 nusu saa kabla ya kutoka, arudiwe kila saa mbili, na awe chini ya kilima mapema kuliko wengine.

Viatu: raba yenye soli laini ya mpira na meno. Kiatu cha shule cha soli ngumu kinateleza kwenye granaiti. Yeboyebo na ndala hazifai hata kidogo, mwiba wa mgunga unazipita na kufika kwenye nyama. Mbele ya kidole kikubwa pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba chako, kwa sababu katika kushuka mguu unasogea mbele na kucha zinagonga. Soksi zivaliwe na zipande juu ya kifundo, mbigiri zinanasa kwenye soksi badala ya kuchoma ngozi. Kiatu kipya kivaliwe nyumbani wiki nzima kwanza.

---

Muuguzi_Zamu_ya_Asubuhi

Maji. Kwa saa tatu hizo, kila mtu mzima lita 1.5 hadi 2, mtoto wa miaka 6 lita 1, wa miaka 2 nusu lita, na juu yake lita 1 ya akiba isiyoguswa mpaka mfike chini. Hakuna chemchemi ya kutegemea kwenye majabali haya wakati wa kiangazi, na maji yaliyotuama kwenye mashimo ya mwamba hunywewa na wanyama. Mtoto hasubiri kiu: mpe mafunda machache kila dakika 15 hadi 20, kama mililita 100 kwa huyo mkubwa. Mtoto anayecheza husahau kunywa kabisa.

Bebeni pakiti mbili za ORS. Pakiti moja inachanganywa kwenye lita moja kamili ya maji safi, na kipimo kisipunguzwe, kwa sababu maji yakiwa machache chumvi inakuwa nyingi na inamdhuru mtoto. Ikikosekana, lita moja ya maji, vijiko vidogo 6 bapa vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi.

Dalili za kwanza za kuishiwa maji kwa mtoto mdogo: amenyamaza ghafla, midomo mikavu, analia bila machozi, pampasi kavu tangu asubuhi. Hapo safari imekwisha. Kivulini, ORS kidogo kidogo kwa kijiko, shukeni akipata nafuu. Akiwa na joto kali, amelegea, anaongea mambo yasiyoeleweka au ameacha kutoka jasho, hiyo ni dharura. Vua nguo, mwagia maji mwili mzima, mpepee kwa kanga iliyolowa, na mpelekeni hospitali huku mkiendelea kumpoza. Parasetamo haishushi joto la namna hiyo. Msipoteze dakika kuitafuta kwenye begi. Asiyeweza kumeza vizuri asinyweshwe.

Chakula ni rahisi, lakini kuna hatari moja ya hapahapa kwetu. Karanga na zabibu nzima ni vitu viwili vinavyopalia sana watoto wa chini ya miaka minne, hasa mtoto akila huku anatikisika mgongoni. Huyo wa miaka 2 asipewe karanga kabisa, na zabibu zikatwe vipande vinne kwa urefu. Mbegu za ubuyu vilevile ni za mkubwa, tena akiwa amekaa. Mdogo ale ndizi, kiazi kitamu kilichochemshwa, chapati, yai. Mtoto akila, begi liko chini na watu wamekaa.

Nyoka, kwa ajili ya bibi. Wa kumwogopa zaidi njiani ni kifutu. Nyoka wengine wengi wakihisi vishindo huondoka, kifutu hutegemea rangi yake na kubaki palepale, mara nyingi kwenye njia yenyewe. Kwa hiyo kupiga kelele hakutoshi. Mtu mzima atangulie akitazama chini, mtoto asitangulie kamwe kwenye nyasi au majani makavu. Mtoto akatazwe kutia mkono kwenye nyufa za mwamba, kugeuza mawe (nge hukaa chini yake) na kukalia gogo kabla halijakaguliwa. Akiumwa: mlaze, asitembee hata hatua, vua viatu, bangili na chochote cha kubana kabla ya uvimbe, funga mguu au mkono kwenye kijiti usicheze, mbebeni. Msichanje, msinyonye, msifunge kamba ya kukata damu, msiweke jiwe la nyoka. Nendeni moja kwa moja hospitali kubwa. Mjini kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa na Hospitali ya Benjamin Mkapa. Swila anatema sumu machoni. Osheni jicho kwa maji mengi kwa dakika 15 hadi 20 mfululizo, hapo ndipo ile lita ya akiba inapotumika. Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni tiba ni hiyohiyo, na watoto hupenda kuvunja matawi yake kuona maziwa yakitoka.

Nyuki ni hatari inayodharauliwa kuliko nyoka. Hukaa kwenye nyufa za majabali na ndani ya mibuyu, na wafugaji hutundika mizinga mitini. Mkisikia mvumo au mkiona nyuki wakiingia na kutoka kwenye ufa, rudini mlikotoka kimya kimya. Msijipake manukato siku hiyo, na epukeni nguo nyeusi. Wakishambulia, mfunike mtoto uso na kichwa kwa kanga, mbebe, ondokeni kwa mwendo mmoja bila kupunga mikono, na msisimame mpaka nyuki waache kuwafuata. Miiba ikwanguliwe mara moja kwa kucha, kila sekunde inaendelea kusukuma sumu. Mtoto mdogo aliyedungwa mara nyingi, au aliyedungwa mara moja tu akavimba midomo na kukoroma pumzi, ni wa hospitali bila mjadala.

Kiboksi cha dawa: plasta, bandeji moja pana, kibano cha kutolea miiba, sabuni, ORS, mkasi. Namba za simu: 112 polisi, 114 Zimamoto na Uokoaji. Angalieni mtandao wa simu mkiwa chini na mkiwa juu, kwenye vilima vyetu mara nyingi juu unashika na bondeni unapotea.

---

Mzee_wa_Bahi

Mmeeleza vyema. Mimi naongeza moja: huyo wa miaka 6 afungwe kanga kiunoni na baba ashike ncha. Mtoto haendi mbali.

---

Jabali_Kavu

Shikamoo mzee. Hapo naomba tutofautiane. Kanga ya kiunoni kwenye tambarare haina shida. Kwenye mteremko mtoto akiteleza, kanga inakaza tumboni au inapanda mpaka kwapani, na aliyeshika ncha anavutwa akiwa hajajiandaa. Mnaanguka wawili. Kamba inasaidia pale tu inapokuwa imefungwa kwenye mkanda maalumu wa kupandia na mtu aliyejishikiza imara, na njia inayohitaji hayo si ya familia hii. Kumshika kwa mkono nako kuwe kwa kifundo cha mkono, viganja vyenye jasho huchomoka. Kumvuta juu kwa mkono mmoja ulionyooka kunaweza kutegua kiwiko cha mtoto wa chini ya miaka mitano, mshike kwapani.

Kinachozuia mtoto asipotee ni filimbi shingoni na sheria moja aliyoifanyia mazoezi nyumbani: usipowaona baba na mama, kaa hapohapo kwenye kivuli, piga filimbi mara tatu, pumzika, piga tena.

---

Mzee_wa_Bahi

Marahaba. La kiwiko nimelipokea, hata kuwarusha watoto juu kwa mikono ni hilohilo.

---

Kondoa_Juu

Upande wa Kolo. Michoro ya Kondoa iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Kolo iko kaskazini mwa Kondoa mjini, kwenye barabara kuu ya Dodoma kwenda Arusha, lami. Mnajiandikisha kwenye ofisi ya michoro pale Kolo na kupewa mwongoza njia, hamwendi wenyewe. Kutoka Dodoma kwenda na kurudi siku moja na mtoto wa miaka 2 ni kumchosha, kwa sababu mtafika jua limeshapanda na ndipo mpande mlima. Laleni Kondoa, muwe ofisini inapofunguliwa.

Kupanda kwenda Mungomi wa Kolo kuna sehemu kali mwishoni. Mwambieni mwongozaji umri wa watoto kabla ya kuanza, ili awapeleke kwanza maeneo yenye njia nyepesi. Mahali pale bado panatumika kwa matambiko, kwa hiyo mkikuta vitu vimewekwa chini ya mwamba mtoto asiviguse. Michoro nayo haiguswi, haimwagiwi maji ili rangi ionekane, haipigwi picha kwa mwanga wa kamera. Mafuta ya kiganja yanabaki kwenye mwamba na hayatoki. Mtoto wa miaka 6 anaelewa vizuri ukimpa kazi: mikono nyuma, atafute twiga, kisha atafute watu wenye vichwa vya ajabu. Michoro myekundu ndiyo ya zamani, myeupe ilikuja baadaye mara nyingi juu yake.

Hatari ya Kondoa isiyosemwa ni makorongo. Ardhi hii ilimomonyoka vibaya mno, ndiyo maana mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulianza mwaka 1973 na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye eneo lililoharibika zaidi. Miti imerudi, lakini makorongo yapo, marefu, kingo zake za mchanga zimesimama wima na chini yake zimeliwa. Mtoto anapenda kusimama ukingoni achungulie. Ukingo unaweza kukatika na uzito wake tu. Mita tatu kutoka ukingo, kila mahali. Na kuanzia Desemba hadi Aprili, korongo kavu linaweza kujaa kwa mvua iliyonyesha mbali ambayo ninyi hamkuiona. Msipumzikie wala kulia chakula kwenye mchanga wake hata kama kuna kivuli kizuri. Miezi hiyo mvua za radi huja zaidi mchana, na juu ya jabali tupu familia ndiyo kitu kirefu kuliko vyote. Miezi mizuri ni Mei mwishoni hadi Agosti. Septemba na Oktoba joto na vumbi vinapanda.

---

MamaWawili_Nzuguni

Ahsanteni sana, na mzee shikamoo. Tutaanza na kilima kimoja kifupi, tutoke saa 12:15 nyumbani, tuanze kupanda saa 1:00. Baba atambeba mdogo kwenye begi. Mimi nitabeba maji lita 5, chakula, kiboksi, na nitatangulia kutazama njia. Mkubwa atakuwa katikati. Hanang mmekaa kimya, baba yao anasubiri. Na pampasi chafu tunafanyaje kule juu?

---

Jabali_Kavu

Pampasi zinarudi nyumbani, kwenye mifuko miwili iliyofungwa. Kwenye jabali hakuna udongo wa kuzika, na zikichomwa nusunusu nyani na mbwa huzitawanya. Haja kubwa ya mkubwa, tafuteni udongo mbali na njia, shimo la sentimita 15, mfukie. Tishu zirudi nanyi.

Hanang, si kwa umri huu. Kilele ni mita 3,420, na kutoka upande wa Katesh mnapanda zaidi ya mita 1,500 na kuzishuka zote, kwa kawaida siku moja. Tumieni hesabu ileile: mita 1,500 peke yake ni saa mbili na nusu za mtu mzima, kabla ya umbali, kabla ya kuzidisha. Juu ya mita 2,500 mtu anaweza kupata ugonjwa wa mwinuko, na dalili yake ya kwanza ni kichwa kuuma. Mtoto wa miaka 2 hawezi kukuambia kichwa kinauma, atalia tu kama anavyolia kwa njaa. Kileleni kuna baridi kama nyuzi 15 chini ya hapa Dodoma. Na miteremko ya mlima ule iliporomoka Desemba 2023 ikaua watu wengi, kwa hiyo msimu wa mvua hata watu wazima wasiende bila kuuliza hali ya njia. Baba anaweza kwenda na wenzake, ninyi mkatembea chini kuzunguka Katesh asubuhi.

Kwenye mpango wenu nabadilisha mambo mawili. Lita 5 zinatosha tu kama mnakunywa kiwango cha chini: tatu za wakubwa, moja na nusu za watoto, inabaki nusu ya akiba. Bebeni 6. Lakini kilo 6 za maji pamoja na chakula kwa anayetangulia ni nyingi mkishafika kwenye mteremko, hivyo mpeni mkubwa chupa yake ya nusu lita mgongoni, na nusu lita ya mdogo ikae kwenye begi la baba. La pili, mpangilio wenu ni wa kupanda mahali penye nyasi. Kwenye jabali tupu unapopanda, mtu mzima mmoja awe nyuma ya mkubwa, hatua moja chini yake, na kwa kuwa baba ana mtoto mgongoni na hawezi kudaka mtu, huyo ni wewe. Baba atangulie hapo, taratibu.